Jina la Milcah Kwenye Faili

Karatasi ya hisabati ya moko, mtihani wa majaribio, ilipatikana Jumamosi, tarehe 13 Julai 1996, saa tano na nusu asubuhi, chini ya godoro la Nabwire wa kidato cha nne, katika Shule ya Upili ya Eshirumba, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Mtihani ulikuwa ufanywe Jumatatu. Msichana alilia tu, hakumtaja mtu.

Saa nane mchana Sajini Jescah Muhonja alivua viatu mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Ndiyo sheria. Mashine ilikuwa moja, na iliheshimiwa kuliko madhabahu.

Wenye ufunguo walikuwa watatu. Ignatius, bawabu, alihojiwa kwanza.

"Mimi, afande? Hata kuiwasha naogopanga. Saa tano kasoro nilienda kunywa uji."

Wa pili alikuwa Milcah, mpiga chapa, mjane wa watoto watatu. "Nilichapa huo mtihani Jumatano. Leo sijaigusa mashine, haki ya Mungu. Nikifutwa hapa, afande, watoto wangu nitawapeleka wapi?"

Jescah alimhurumia, na hakupenda kumhurumia mshukiwa.

Wa tatu, Mwalimu Phineas Mukhwana wa kompyuta, aliondoa kitambaa kilichofunika mashine. Programu ya kuchapa ilikuwa bado wazi, mtihani ukionekana.

"Kila anayeingia huandika jina lake kwanza," alisema Phineas. "Nimewafundisha hivyo mpaka imekuwa mazoea, hata kwangu mwenyewe. Programu hulihifadhi kwenye faili ya mipangilio." Akaifungua faili hiyo. Mtumiaji wa mwisho: MILCAH.

Milcah alishika mdomo. Mwalimu mkuu, Madam Khisa, akaguna kwa uchungu.

Jescah alisoma saa ya faili: imebadilishwa leo, saa tano na dakika mbili.

"Programu ilifungwa saa ngapi?"

"Haijafungwa tangu asubuhi. Nilipopata ile karatasi nilikuja hapa, nikaikuta wazi hivi, nikakataza mtu kuigusa mashine," alijibu Madam Khisa.

"Basi nani aliandika kwenye faili saa tano?"

Jescah aliinama karibu na kioo.

"Kituoni mimi ndiye huchapa taarifa," Jescah aliendelea. "Mwezi mzima nilirekebisha ukubwa wa herufi ndani ya faili kama hii, programu ikiwa wazi. Kila nikiifunga, marekebisho yanapotea. Nikadhani ni majini. Kumbe programu ikifunguliwa huibeba mipangilio kichwani, na ikifungwa ndipo huiandika upya, ikifuta chochote ulichoandika wewe. Mwalimu, ifunge."

Phineas hakusogea.

Jescah akaifunga mwenyewe, akaifungua faili tena. MILCAH hakuwepo. Palisomeka: P. MUKHWANA.

Mwenye kuchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, lakini hakuna aliyecheka. Phineas alikaa sakafuni na soksi zake.

"Nimeposa dada yake Nabwire," alisema. "Mzee wao aliniambia, huyu mtoto akifeli na wewe ni mwalimu wake, usirudi hapa na ng'ombe zako. Niliingia Ignatius akinywa uji. Jina langu niliandika kwa mazoea, nikalikumbuka mtihani ukishatoka kwenye printa. Nikaandika la mwingine ndani ya faili. Nikasikia gari la madam, nikafunika mashine, nikatoka kumpelekea Nabwire karatasi."

"Kwa nini la Milcah?" Jescah aliuliza. "Kwa nini si la Ignatius?"

"Ignatius hangeaminika. Hajui kompyuta."

Milcah alisimama. Ndiye aliyemgawia Phineas chakula cha mchana mwaka mzima, na kila mtu pale alijua hivyo.

Madam Khisa akaomba taarifa ichapwe mara moja, kisha akaona aibu, maana mpiga chapa shuleni alikuwa mmoja. Milcah alivuta kiti, akaketi mbele ya mashine, akajifuta macho kwa kiganja.

"Mwalimu," alisema bila kumtazama, "jina lako lote linaandikwaje? Nisije nikamwandikia mtu mwingine."