Koti la Ojwang

Umeme wa Nyegezi ulikatika magharibi, saa ile ile ambayo mwenye kazi ya haraka anauhitaji. Selestina akachukua kidumu, akafunga fremu ya duka lake la stesheneri, akapanda barabarani kununua petroli ya jenereta. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na mawe makubwa ya mlimani yalikuwa bado yanachuruzika maji. Watu walimsalimia, akawaitikia, lakini hakuna aliyesimama kupiga naye soga. Hawakujua waseme nini na mwanamke ambaye si mke, si mjane.

Ndivyo alivyokuwa. Mumewe Ojwang, fundi wa injini za boti, alikwenda visiwani kutengeneza mashine ya mtu na hakurudi. Boti haikuonekana. Mwili haukuonekana. Wakwe zake kule Rorya walishachoka kungoja. Kwa Wajaluo, aliyepotelea majini asipopatikana huzikiwa yago, lile tunda refu la mwegea. Linalazwa kaburini mahali pa mwili, watu wanalia, mambo yanakwisha. Walichosubiri ni mke akubali, naye Selestina alikuwa amekataa katakata. Tunda likishuka ardhini, Ojwang amekufa. Lisiposhuka, yupo mtu ambaye siku moja anaweza kubisha hodi.

Kazi yake ilikuwa kubuni kadi za harusi, mabango na, zaidi ya yote, ratiba za mazishi. Na tuambizane ukweli: Mwanza hakuna marehemu maskini. Mzee aliyeishi miaka yote na kaptura moja, siku ya kuzikwa utamwona kwenye ratiba amevaa suti na tai, kifua mbele, utadhani alikuwa mkurugenzi wa benki. Familia inaleta picha ya kitambulisho iliyofifia, mbunifu anakata kichwa, anakipachika kwenye suti aliyonayo kwenye kompyuta, na kila mtu anafurahi.

Suti ya Selestina ilikuwa ya Ojwang.

Ilitoka kwenye picha ya harusi yao. Mwaka wa kwanza wa kungoja, mteja alikuja na haraka zake, naye hakuwa na suti nyingine ya kiume. Akamkata mumewe kichwa, akaacha mabega, kifua, na ile mikono miwili iliyofumbatana mbele. Kichwa cha marehemu kikakaa vizuri mno. Tangu siku hiyo, kila mwanaume aliyefia upande ule wa mji alizikwa, kwenye karatasi, akiwa na mikono ya Ojwang.

Alijua kwamba kwao maiti havalishwi nguo ya aliye hai. Hilo hata mtoto anajua. Lakini picha ni nguo? Alijiambia hivyo, akajiridhisha. Ukweli aliouficha hata kwenye sala ni kwamba alipenda kuifungua ile picha. Ilimpa nafasi ya kukaa na mikono ya mumewe bila mtu kumuuliza kitu.

Alirudi na petroli, akawasha jenereta uani, akaketi. Kazi ya jioni hiyo ilikuwa ya binti mmoja, Faith, aliyefiwa na baba yake, Mzee Ndalahwa. Ratiba ilitakiwa asubuhi. Akafungua programu yake ya kubunia, akakata kichwa cha mzee, akavuta suti.

Skrini ikaganda.

Kishale kikazunguka, kikazunguka... Kisha programu ikajifunga yenyewe, ikaacha ujumbe mfupi kwamba kuna hitilafu imetokea.

"Na wewe leo?" Selestina aliinong'oneza kompyuta.

Akazima, akawasha. Programu ikamletea faili ililookoa kabla ya kujifunga. Suti ilikuwemo, ila pindo la chini la koti lilikuwa jeusi zaidi ya kawaida. Akadhani ni rangi. Akasogeza kichwa cha mzee shingoni. Ikaganda tena.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Alifuta takataka za muda kwenye diski. Alirudisha mipangilio ya programu ikawa kama siku ilipoingizwa. Aliondoa fonti zote za mapambo alizopakua mitandaoni, maana nyingine huja na maradhi. Alifunga kila kitu kingine ili memori ipumue. Kila alipojaribu, programu iliganda, ikajifunga, ikaokoa faili. Na katika kila faili lililookolewa, weusi ulikuwa umepanda. Ukafika kwenye kifungo cha chini. Ukafika kwenye mikono.

Akasogeza uso karibu na skrini.

Haikuwa rangi. Lilikuwa koti lililolowa.

Hapo ndipo aliposikia harufu. Petroli, ndiyo, alikuwa ametoka kuibeba. Lakini ndani ya petroli kulikuwa na kitu kingine, kibichi... magugumaji yaliyooza, na tope la ziwani. Ojwang alikuwa akirudi nyumbani na harufu hiyo. Selestina alikuwa akimfukuza mlangoni, huku anacheka, aende akaoge kwanza. Akalia kidogo, peke yake, kama alivyozoea.

Kisha akafuta macho akampigia Nadim. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta mjini, kijana wa familia ya Kihindi yenye duka la vifaa, mpole, asiyeringia ujuzi wake.

"Dada Selestina, nipe ruhusa niingie kwenye mashine yako," alisema. Akaingia kwa njia ya mtandao, kishale kikaanza kutembea chenyewe. Akafungua kazi za kadi, za mabango, za kalenda. Zote zilifunguka bila shida.

"Mashine ni nzima," alisema Nadim. "Programu nzima. Kinachogoma ni hilo koti tu. Mvishe mzee kitu kingine."

"Sina kitu kingine."

"Si muache na sweta lake? Mbona limempendeza?"

Wakamwacha Mzee Ndalahwa na sweta lake. Faili likakubali mara moja, likasevu, na kazi ya Faith ikawa imekwisha. Selestina angeweza kufunga duka hapo akaenda kulala. Lakini maji yalikuwa yamefika kifuani pa Ojwang, na yeye alikuwa mkewe.

"Nisaidie kulitengeneza hilo koti," alisema. "Ni la muhimu kwangu."

Nadim akalifungua faili la suti taratibu, akiwa amezima leya zote, yaani zile karatasi za picha zinazolazwa moja juu ya nyingine. Akaishusha orodha yake.

"Dada, hizi leya zote za nini? Ndiyo maana linaelemewa."

Selestina akatazama. Alizoea kufuta kila kichwa kazi inapokwisha. Alivifuta kwa mkono wake. Lakini orodha ilishuka, ikashuka... Wote walikuwemo. Mwalimu wa Butimba. Mchungaji. Kijana wa bodaboda. Kila aliyewahi kuvaa lile koti alikuwa bado yumo ndani yake.

"Futa," alinong'ona.

Nadim akafuta, mmoja baada ya mwingine. Faili likawa jepesi. Mwisho ikabaki leya moja chini kabisa, tupu, imefungwa kwa kufuli. Kila alipoifuta ilirudi.

"Hii inakataa. Labda tui..."

Nje, jenereta likakohoa. Likazimika.

"Haloo? Dada? Mashine yako imezimika, naona giza tu," alisema Nadim. "Ukipata umeme niambie." Akakata simu.

Selestina akatazama huku na huko. Taa ilikuwa imezimika. Feni ilikuwa imezimika. Printa ilikuwa imezimika.

Kompyuta, ambayo haikuwa na betri, ilikuwa inawaka.

Kufuli kwenye ile leya ya mwisho likafunguka lenyewe, na picha ikaja. Ilikuwa sura ya Ojwang. Siyo ya harusi. Hii ilikuwa na ndevu ambazo hajawahi kumwona nazo, mashavu yamebonyea, kovu bichi juu ya jicho. Midomo ilikuwa ya bluu. Hakuna mtu aliyeipiga picha hiyo. Ililala pembeni, mbali na koti lake, na macho yalikuwa wazi, yakimtazama.

"Ojwang?"

Simu ikaita mkononi mwake, akaruka. Alikuwa mama mkwe, Mama Selina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, najua hutaki maneno yangu." Sauti ya bibi ilitetemeka. "Leo nimesinzia jikoni, nikamwona tena. Kila siku namwona, nilikuwa naogopa kukwambia. Anasema ana baridi. Anasema watu wamevaa koti lake, wanapokezana, yeye hapewi. Mwanangu, ni koti gani hilo?"

 Selestina alisema atapiga, akakata simu kwa adabu iliyombaki.

Alijua la kufanya, na hakutaka kulifanya. Kichwa kile kilikuwa na mahali pake. Lakini faili hili lilikuwa limemkataa marehemu aliyeletwa kwake jioni hii. Kama Ojwang yu hai, basi litaikataa ratiba yake ya mazishi, ligande tena kama lilivyoganda kwa Mzee Ndalahwa... au tuseme, hivyo ndivyo alivyoamua kuliona, kwa sababu mfa maji haachi kutapatapa. Akaandika juu jina kamili la mumewe. Akaandika maneno ambayo alikuwa ameyaandikia wanaume wa watu wengine bila mkono kutetemeka: Ratiba ya Mazishi. Kisha akakishika kile kichwa kwa kishale, akakivuta taratibu, akakiweka shingoni.

Kikakaa. Hakikuhitaji kupunguzwa wala kuongezwa.

Akabonyeza kusevu.

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, Selestina aliiomba kompyuta igome. Ganda, aliisihi. Jifunge. Nionyeshe hitilafu, hata moja. Alifumba macho akangoja kishale kizunguke.

Hakikuzunguka. Faili lilihifadhiwa wakati huohuo, bila kusitasita. Na pale kwenye skrini maji yalianza kushuka kwenye koti, kutoka kifuani hadi mikononi, hadi kwenye pindo, mpaka kitambaa kikawa kikavu kama siku ya harusi. Macho ya Ojwang yakafumba.

Kisha kompyuta ikazimika.

Alilia kilio ambacho alikuwa amekizuia muda wote ule, kilio cha mjane, na hapakuwa na jirani wa kumshika bega. Alipoweza kusema, alipiga Rorya.

"Mama," alisema. "Mzikeni. Tafuteni yago. Nitakuja."

 Mama Selina akashusha pumzi.

"Tangu magharibi mbwa wanabweka langoni," alisema. "Sasa hivi wamenyamaza. Njoo, mwanangu. Njoo tumsitiri."

Selestina alikaa gizani. Uchungu ulikuwepo, lakini kwa mara ya kwanza ulikuwa na umbo, na mtu anaweza kuubeba. Harufu ilikuwa imeondoka. Alitafuta funguo kwa mwanga wa simu, na hapo ujumbe wa Nadim ukaingia.

"Dada, nimekumbuka. Hilo koti si ndilo ulilotutumia kwenye grupu la wabunifu mwaka jana? Nimeuliza, na wao linawasumbua tangu jioni."

Alilituma, kweli. Ndivyo wabunifu wanavyoishi: huyu anatoa fremu ya maua, yule njiwa, mwingine mishumaa, kila mtu anachukua. Alipoulizwa nani ana suti nzuri, alitoa ya Ojwang. Grupu lilikuwa na watu wa Musoma, Bukoba, Sengerema, Tarime. Ziwa zima lilikuwa na mume wake isipokuwa yeye.

Akafungua grupu. Malalamiko yalikuwa yamejaa: suti inagandisha mashine, suti inabadilika rangi, nani ana dawa? Akaandika kwa vidole vilivyokuwa vinakosea herufi, akiwaomba wote walifute koti hilo, wasilitumie tena, ni la mume wake. Mmoja akajibu kwa kikaragosi cha kucheka. Mwingine akauliza kama atawapa jingine.

Kisha Shimba, mbunifu wa Geita, akarusha picha ya kazi aliyoimaliza muda huo, akijisifu kwamba kwake limekubali baada ya kuhangaika sana. Ilikuwa ratiba ya mazishi ya mzee mmoja mwenye mvi, uso wa upole. Alikuwa amevaa koti. Mikono ya Ojwang ilikuwa imefumbatana mbele yake, na maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye vidole.

Selestina akampigia. Ilipokewa haraka.

"Shimba, kaka yangu, nakuomba. Hiyo kazi ifute. Mvue mzee wa watu hilo koti."

"Ah, dada," alisema Shimba, na nyuma yake ilisikika printa ikitema karatasi. "Nimeshachapa. Wanazika asubuhi."