Mstari wa Shahidi

Kila asubuhi, kabla jogoo hajamaliza kusafisha koo, Chiriku alikuwa ameshaamka. Jina hilo alipewa na babu yake kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Babu aliapa kwamba siku mtoto huyo alipozaliwa hakulia, bali aliuliza ni nani aliyechelewesha chai. Chiriku, sasa mwenye miaka kumi na miwili, aliwasha moto, akachota maji, akafagia uwanja, kisha akamfuata mama yake nyuma ya nyumba kukagua maharage.

Shamba lao lilikuwa na mistari kumi. Tisa ilikuwa imenona, majani mapana ya kijani yakigusana kama watu wanaonong'onezana. Mama alikuwa ameulisha udongo wake mboji aliyoitengeneza mwenyewe shimoni, karibu na banda la mbuzi, na juu yake akatandaza nyasi kavu ili unyevu usitoroke. Mstari wa kumi ulikuwa habari nyingine. Miche yake ilikuwa myembamba, ya manjano, mfano wa wagonjwa waliotoroka wodini.

"Huyu ni shahidi," mama alizoea kusema. "Mbegu ileile, siku ileile, udongo uleule. Hana mboji, hana nyasi. Mtu akibisha, mimi sibishani naye. Namleta hapa, nafumba mdomo, shahidi anasema."

Kwa njia hiyo aliwavuta wanawake ishirini na watatu wakaunda kikundi cha wakulima. Sharti la kikundi lilikuwa moja: kila mmoja aache mstari wa shahidi shambani kwake, apende asipende.

Mwaka huo mfuko mmoja wa hisani ulitangaza kuwalipia wakulima masomo ya mwaka mmoja chuoni, ya kilimo na uongozi. Walioomba walikuwa wengi kama mchwa, na nafasi ya eneo lao ilikuwa moja tu. Mama alikuwa miongoni mwa watano waliobaki, na Jumamosi mratibu wa mfuko angekuja kuliona shamba lake. Mama huyo aliacha shule akiwa na umri wa Chiriku. Barua ya kuitwa aliisoma mara nyingi hadi mikunjo yake ikaanza kuchanika.

Siku ya Ijumaa, shuleni, binti wa fundi baiskeli aliyekaa dawati moja na Chiriku alimgusa bega.

"Jana nimepita nyuma ya kwenu. Yale maharage ya mwisho yana nini? Yamefiwa?"

"Yameachwa vile makusudi."

"Makusudi!" Binti wa fundi akawageukia wenzake. "Jamani, hata mimi hesabu huwa nakosa makusudi!"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Huyo mgeni wenu akiuona mstari ule atageuza gari kabla halijazimika," akaendelea. "Kwetu huwezi kuona aibu kama ile."

Chiriku, aliyekuwa na jibu la kila swali chini ya jua, siku hiyo alifungua daftari lake na kujifanya anasoma.

Jumamosi alfajiri mama alijifunga khanga kiunoni. "Naenda kuazima viti. Wewe tengeneza nyumba. Nikirudi nisione kitu cha kututia aibu, umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Chiriku alifanya kazi kama watu watatu. Mkeka uliochanika aliusukuma chini ya kitanda. Kikombe kilichomeguka ukingo alikificha nyuma ya vingine. Kisha akachungulia dirishani, na macho yake yakatua kwenye mstari wa kumi. Wageni hawaonyeshwi mkeka uliochanika. Iweje waonyeshwe maharage yaliyochanika?

Akatoka na jembe. Aling'oa mashahidi wote, mche mmoja mmoja, akawatupa kwenye ukingo wa shimo la mboji na kuwafunika kwa gunia. Shamba likabaki na pengo kama mdomo wa babu. Basi akachimbua miche iliyonona pale ilipobanana, akaihamishia kwenye pengo, akaimwagilia na kuitandazia nyasi. Mistari kumi, yote mizuri! Hata yeye alishangaa jinsi kazi hiyo ilivyokuwa rahisi.

Mama alirudi na viti kichwani, na mratibu wa mfuko nyuma yake. Walikuwa wamekutana njiani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye daftari mkononi na buti za mpira zilizojua tope. Walikaa barazani wakanywa chai. Mama akaeleza habari za kikundi, babu akaeleza habari za enzi zake, alipovuna boga kubwa hadi kuku wakataga ndani yake. Muda ulikwenda. Jua nalo halikukaa kunywa chai, lilikuwa kazini.

"Haya, mratibu," mama akasimama akitabasamu. "Mimi nimemaliza maneno. Sasa nakupeleka kwa shahidi wangu."

Walipofika mwisho wa shamba, mkono wa mama ulioinuliwa kuonyesha ulibaki hewani. Miche ya mstari wa kumi ilikuwa imelala kifudifudi. Majani yake yalining'inia kama matambara yaliyoachwa mvuani.

"Hapa pana ugonjwa?" mratibu akauliza. "Na shahidi ndiye yupi?"

Babu akakohoa.

"Mbuzi!" akasema babu. "Kuna mbuzi mweusi mtaani hapa, mama yangu, ana pembe kama usukani wa baiskeli. Ndiye aliyetufanyia haya. Juzi amekula mlango wa jirani, na bawaba zake!"

Mratibu akacheka, akafungua daftari, akashika kalamu. Chiriku aliiona ncha ya kalamu ikishuka. Neno moja tu, "mbuzi", lingeandikwa, naye angekuwa salama. Lakini aliutazama uso wa mama yake, naye mama aliutazama ule mstari kama mtu aliyefika kwake akakuta nyumba haipo.

"Si mbuzi," Chiriku akasema. "Ni mimi."

Maneno yakamtoka mfululizo: mkeka, kikombe, darasa lililocheka, jembe. "Nilidhani mgeni haonyeshwi kilichochanika, mama. Nilitaka uende chuoni."

Mama alifumba macho, akavuta pumzi. "Wako wapi?"

"Kando ya shimo, chini ya gunia."

"Walete. Asibaki hata mmoja."

Chiriku aliwaleta, wakapangwa juu ya gunia. Mama aling'oa mche mmoja kutoka mstari wa tisa akaulaza kando yao. Mratibu akapiga magoti. Mizizi ya ule mche ilikuwa mirefu, imejaa vile vinundu vidogo vinavyolisha maharage, kama shanga. Mizizi ya shahidi ilikuwa mifupi na mitupu.

"Haya ni mazuri kuyaona," mratibu akasema, kisha akafunga daftari. "Lakini nitakuwa mkweli, dada yangu. Miche iliyong'olewa siwezi kuiandika kuwa ushahidi. Sikuiona imesimama. Nina neno la mtoto tu, na neno la mbuzi."

Babu akatazama vidole vyake vya miguu.

Chiriku aliona nafasi ya mama yake ikiondoka na daftari lile. Lakini mama alinyoosha mgongo, akaingia ndani, akarudi na karatasi yenye majina ya wanakikundi.

"Basi usiandike shamba langu," akasema. "Fumba macho, weka kidole popote. Kidole kitakapotua, twende huko sasa hivi, wala situmi mtu kutangulia."

Mratibu alimtazama kidogo, akafumba macho. Kidole kikatua kwenye jina la mke wa fundi baiskeli.

Walipita mbele ya karakana iliyojaa magurudumu, wakazunguka nyuma ya nyumba. Huko kulikuwa na mistari sita ya maharage yenye afya. Wa saba, uliokuwa nyuma ya ua, ulikuwa wa manjano na mwembamba, na mwanzoni mwake palikuwa na kijiti chenye kitambaa chekundu.

"Karibuni!" mke wa fundi akasema, mikono ikiwa na udongo. "Mnamtazama shahidi wetu? Msimhurumie. Mbegu ileile, siku ileile. Huyu ndiye aliyemnyamazisha mume wangu!"

Binti yake akatokea na ndoo. "Kumbe! Mama, mimi nilidhani huo umesahau kuumwagilia!"

"Umefiwa," Chiriku akamnong'oneza.

Binti wa fundi akauma mdomo, kisha wote wawili wakashindwa kuzuia kicheko.

Mratibu aliandika kurasa tatu bila kuinua kichwa. Alipoaga, alimshika mama mkono. "Kwako ningemwona mkulima hodari, na hao nimeshawaona wengi. Huku kwa jirani nimeona mtu anayefundisha wenzake, na wanaendelea hata akiwa hayupo. Huyo ndiye tunayemtafuta."

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Mama alikuwa amepata nafasi. Babu naye aliisambaza habari kwa namna yake, na ilipofika sokoni, mbuzi mweusi alikuwa ameomba msamaha kwa maandishi.

Wiki moja kabla ya kuondoka, mama na Chiriku walipanda maharage ya msimu mpya. Walipofika mstari wa mwisho, mama alimkabidhi kijiti chenye kitambaa chekundu na daftari jipya.

"Huyu ni wako hadi nirudi. Mkeka ufiche ukitaka, lakini shamba tunalionyesha lote, na kosa nalo tunalionyesha. Ukificha pale palipopungua, anayekuja kukusaidia ataanzia wapi? Siku ile ulinivunja moyo kwa jembe, mwanangu, kisha ukauunga kwa maneno matatu: si mbuzi, ni mimi."

"Hayo ni manne," akasema babu.

"Baba!"

Chiriku alikichomeka kijiti udongoni. Wiki chache baadaye, mama akiwa chuoni, alisimama mbele ya miche yake ya manjano, ndoo ya mboji karibu na mguu wake, na huruma ikimsukuma. Akaisogeza ndoo mbali, akafungua daftari na kuandika: "Shahidi amekonda. Sikumpa kitu."