Hema Lililokunjwa Likiwa Limefungwa

Mdogo wangu Olweny alikuwa mtu wa kutembea. Sisemi kutembea kwenda sokoni au kanisani. Kutembea ndiyo iliyokuwa kazi yake. Wageni walitoka Kampala, na wengine ng'ambo, wakamtafuta awaongoze kwa miguu kutoka mwamba wa Tororo, kupitia mashamba ya Mukuju, hadi chini ya mlima Elgon. Njiani walilala porini kwenye mahema na kupika uji kwa jiko dogo la gesi. Mimi niliona ni ajabu, mtu mwenye nyumba nzuri kuja kulala nje. Lakini ilikuwa kazi halali, na kwa kazi hiyo alimwoa Phiona.

Siku hiyo tulikwenda Busia pamoja, kwenye soko la mitumba, kwa Badiru. Wengine humwendea Badiru kwa makoti na mashuka. Olweny alimwendea kwa buti za mlimani, mabegi ya mgongoni na mifuko ya kulalia, na Badiru alimtengea kila marobota yalipofunguliwa. Olweny hakuwa na haraka. Alikunja soli ya buti aone kama gundi bado ina uhai. Aliingiza kichwa ndani ya mfuko wa kulalia, akanusa. Hema alilinyoosha mbele ya jua akitafuta matundu.

"Mwalimu, leo umekuja kumlinda ndugu yako nisimwibie?" Badiru aliniuliza. Wengi huniita Mwalimu kwa sababu mimi ni katekista wa kanisa letu dogo Mukuju.

"Nimekuja kujifunza vile unaiba," nilimjibu.

Alicheka, akamtupia Olweny furushi la kijani. "Hii ni nyumba ya mtu mmoja. Mke akikufukuza, unaiweka kwa mgongo unaenda."

"Phiona hawezi kunifukuza. Ana mimba, nani atamchotea maji?"

"Ndio utafukuzwa sasa. Ngoja azae."

Olweny alilipima mkononi. Lilikuwa jepesi kama kuku. Alifurahi njia nzima.

Hapa nieleze jambo moja la huku kwetu. Mtu akifia nyumbani mwake, tukishamzika, mlango wa nyumba ile hufunguliwa wazi. Mkubwa wa familia husimama nje na kumwita marehemu kwa jina lake, atoke. Baada ya hapo ndipo mlango unaweza kufungwa. Padri anajua, wala hajatukataza. Mimi nimemwita baba yangu. Nimemwita mama. Mwaka juzi nilimwita mke wangu, na mlango ulisogea kidogo, kama ameushika akipita. Niliona kwa macho yangu.

Wiki ile Olweny alitaka kujaribu njia mpya kupitia Kwapa. Nami nilikuwa na ibada ya kutayarisha huko, tukaenda pamoja. Jua lilipoanza kushuka alitafuta mahali pa kupiga kambi. Alijua kuchagua: pasiwe bondeni, pasiwe na siafu, maji ya mvua yapate njia. Alipata mahali pa tambarare, nyasi fupi, katani zimezunguka pande zote.

Mwanamke mmoja alikuwa akipalilia karanga karibu. Jina lake Akurut. Alisimamisha jembe.

"Hapo halali mtu," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Zamani palikuwa na nyumba. Mwenyewe alifia ndani, mlango amefunga. Ndugu zake walikuwa wamehamia Kenya. Hakuna aliyekuja kumwita. Nyumba ikaoza, ikamwangukia."

"Pole, mama. Lakini mimi sijengi. Hili ni hema tu."

"Lina mlango?"

"Lina zipu."

"Si ndio mlango," Akurut alisema. Akarudi kwenye karanga zake.

Mimi nililala kwa mtunza kanisa. Asubuhi mawingu yalikuwa meusi, nikaenda kumharakisha Olweny. Nilimkuta amekwisha kung'oa vigingi na kutoa vile vijiti vyepesi vinavyosimamisha hema. Alikuwa analikunja.

Olweny alikuwa akiwafundisha wageni kwamba zipu ya hema haifungwi hadi mwisho. Acha nafasi ya kidole juu, hema lipumue. Na ukilikunja, mlango ubaki wazi, hewa ipate pa kutokea. Asubuhi ile mvua ilimkimbiza. Alitoka, akafunga zipu yote ili maji yasiingie, akalikunja hivyo hivyo.

Hewa ilikataa kutoka. Alipiga magoti juu ya hema, akasukuma. Kitambaa nacho kikamsukuma. Alicheka, akalilalia kwa kifua. Ndipo likashuka, polepole, na tukasikia pumzi ndefu.

Akurut alikuwa ametufikia. Aliangalia furushi lile.

"Umekunja na mlango umefunga?"

"Ndiyo, mama. Mvua inakuja."

Aliweka jembe begani akaenda nyumbani, na karanga zake zilikuwa bado hazijapaliliwa hata nusu.

Tulipokaribia Mukuju, Olweny alisimama, akasimama tena. Alilegeza mikanda ya begi, akaikaza.

"Kaka, umeniwekea nini kwa begi?"

"Sijagusa begi yako."

Tulikaa kando ya njia akatoa vitu vyote. Jiko, sufuria, mkeka wa sponji, tochi ya kichwani. Ukabaki mfuko wa hema. Aliniambia niunyanyue. Ulikuwa mzito kama debe la mahindi.

"Limelowa," nilisema.

"Limelowa wapi? Mvua haijatunyeshea."

Alijaribu kulitoa hema kwenye mfuko wake. Halikutoka. Lilikuwa limekaza kama mguu uliovimba ndani ya buti.

Siku zilizofuata alikonda. Phiona alikuja kwangu, akazungumza chini chini, mkono juu ya tumbo.

"Shemeji, ule mfuko aliuweka pale kwa mlango. Asubuhi naukuta kando ya kitanda. Naurudisha. Unakuja tena."

"Labda yeye ndiye anausogeza."

"Hawezi kuunyanyua sasa. Muangalie mabega."

Nilimwomba Olweny avue shati. Alikuwa na alama nyeusi kwenye mabega. Nilidhani ni mikanda ya begi. Nikasogea karibu. Zilikuwa alama za vidole.

Tulisali pamoja jioni ile, na tulisali kila jioni. Niliweka mikono juu ya kichwa chake nikamwomba Mungu kwa maneno yote niliyonayo. Asubuhi alama zilikuwa zimeteremka mgongoni.

"Nakwenda kulirudisha," Olweny aliniambia. "Pale pale nilipolikunjia. Nitalifungua, nimwite atoke."

"Utamwita nani? Jina lake hulijui."

"Yule mama atalijua."

Ilikuwa Jumapili. Tulipatana atangulie kwa bodaboda, nami nimfuate baada ya ibada. Dereva wa boda alimsaidia kupakia mfuko, akauliza kama ni simenti.

Mchana nilipanda pikapu ya jirani yetu Samuel tukaenda Kwapa. Jua lilikuwa kali. Tuliliona hema kwa mbali, limesimama katikati ya katani, kijani, limenyooka vizuri kama alivyokuwa akilisimamisha siku zote. Zipu ilikuwa imefungwa. Akurut alikuwa amesimama mbali, mwisho wa shamba lake. Hakutaka kusogea.

"Aliniuliza jina," alisema kwa sauti ya chini. "Hata mimi silijui. Hakuna anayelijua. Tukamwita tu, mwenye nyumba, toka. Yeye alikuwa amefungua mlango wa hema."

"Akatoka?"

"Sikuona kitu. Mdogo wako akainama, akaingia kuchungulia."

"Kisha?"

"Kisha zipu ikajifunga."

Nilimwita Olweny. Nilikimbia nikafungua. Alikuwa amelala ubavu, macho wazi. Alikuwa amekufa. Alikuwa amejibana kwenye ukingo wa hema, uso umegusa kitambaa, kama mtu anayempisha mwenzake alale.

Daktari alisema ni moyo. Polisi waliandika yao, wakaturuhusu kumchukua. Tulimlaza kwenye pikapu, nikakaa naye nimejifunika uso, sioni kitu. Kabla ya kuwasha gari, Samuel alikusanya vyombo vya kambi. Samuel ni mtu nadhifu. Maturubai ya pikapu yake huyakunja kama nguo za altare.

Tulimzika Olweny nyuma ya nyumba yake. Kisha nikafungua mlango wake wazi, nikasimama nje, nikamwita. Olweny, mwana wa mama yangu, toka. Nilisubiri mlango usogee. Nilisubiri sana. Hata pazia halikutikisika.

Ndipo Samuel akaja kutoka kwenye pikapu. Alikuwa amebeba mfuko wa hema. Hakuubeba peke yake. Yeye alishika upande mmoja na mwanamume mwingine upande wa pili, na wote wawili walikuwa wameinama.

"Mwalimu, hii kitu imenyonya maji," alisema akihema. "Na nilifunga zipu vizuri kabisa, mvua isiingie."

Nilikaa chini. Mlango tuliokuwa tumemfungulia ndugu yangu haukuwa mlango wa mahali alimofia.

Niliuweka mfuko ule chumbani mwangu. Sikulala. Sikula. Nilimweleza padri, akaja, akanyunyiza maji ya baraka, akaniambia nimwombee marehemu. Nilimwomba anisaidie kuusogeza mfuko kidogo. Aliushika. Akauachia. Aliondoka bila kunywa chai.

Jumapili iliyofuata, adhuhuri, niliupakia kwenye toroli kwa shida nikausukuma hadi kwa Olweny. Nilichana mfuko kwa wembe. Nililisimamisha hema mwenyewe mbele ya nyumba, kijiti kwa kijiti, vile nilivyokuwa nikimwona akifanya. Phiona alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe.

Nilifungua zipu. Ndani hamkuwa na kitu. Palikuwa na harufu ya udongo uliochimbwa.

Nilirudi nyuma. Nikaita.

"Olweny. Mwana wa mama yangu. Toka."

Ukuta wa hema ukaingia ndani. Ukatoka.

"Olweny."

Mlango wa kitambaa ukainuka.

Hapakuwa na upepo. Nyasi zililala mahali pamoja. Kisha zikalala mbele kidogo. Kisha mbele tena. Zilielekea nyumbani. Ungo wa maharagwe ulisogea kwenye mapaja ya Phiona, kama mtu amepita akamgusa. Phiona aliinua kichwa. Akatabasamu.

Nililia. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Kisha nikang'oa vigingi, nikatoa vijiti, nikalikunja hema likiwa wazi, mlango juu, nafasi yote ya hewa. Nikaliinua kifuani.

Lilikuwa zito kama debe la mahindi.

Nililiweka chini. Nikalifungua tena, nikaita. Niliita mpaka sauti ikakauka, na Phiona akaja kunishika mkono. Jina nililokuwa nalo lilikuwa moja tu. Na mtu alikwisha kuliitikia.

Phiona sasa amenenepa. Analala vizuri. Anapakua sahani mbili.

"Shemeji, amerudi," aliniambia, kwa upole, kama anayenifariji mimi. "Simwoni, lakini asubuhi upande wake una joto. Ila zamani alilala upande wa mlango. Siku hizi analala ukutani."

"Anakusemesha?"

"Bado. Anashika tumbo tu."

Nilitaka kumwambia. Ningemwambia nini? Ningempeleka wapi? Mtoto anakaribia kuzaliwa, na wazee wamekwisha kusema kwamba akiwa wa kiume ataitwa Olweny.

Hema nimelisimamisha chumbani mwangu, kando ya kitanda. Kila adhuhuri nafungua mlango wake na kumwita ndugu yangu. Hatoki. Labda anajua kwamba nyumba yake ina mtu.

Jioni, kabla ya sala, naifunga ile zipu. Naivuta hadi mwisho kabisa, hadi inakataa. Naijaribu kwa kidole kuhakikisha.

Asubuhi naikuta imefunguliwa, kwa juu tu, nafasi ya kidole kimoja. Ndani ya kitambaa, hapo karibu, pana umande.