Joto la Skrini na Joto la Mayai

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Mama hupita chumba cha nyuma kuangalia mayai. Familia hii inaishi kwa kuuza vifaranga. Mashine ya kutotolesha inaendeshwa na programu aliyoiandika binti yao. Wanamwita Waya, kwa sababu tangu utotoni hajaona kitu chenye waya akakiacha salama.

Jana Waya aliiboresha programu yake. Zamani joto, unyevu na muda wa kugeuza mayai vilikuwa vimetapakaa humo ovyo. Akavikusanya kwenye muundo mmoja, akauita trei. Kisha akaongeza kitufe cha kubadilishia joto, na fanksheni ya kukitumikia, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi moja. Mimi naisifu kazi hiyo, maana programu iliyopangwa vizuri inasomeka.

Leo Mama alibonyeza kitufe, skrini ikaandika 37.5. Baadaye akagusa yai, akakunja uso. Akachungulia kipimajoto kilichomo ndani ya mashine. Kilisema 35.

"Waya, njoo. Mashine yako inanidanganya mchana kweupe."

"Lakini Mama, skrini inasema iko sawa."

"Mwanangu, skrini haitotoi vifaranga."

Mayai yalikuwa yamefika nusu ya safari, na vifaranga ndani walikuwa na mapigo ya moyo. Baridi ikiendelea, wangekufa. Mama akapanga chupa za maji ya moto kando ya mayai, akafunika mashine kwa blanketi.

Baba alisimama mlangoni. "Tuyapeleke kwa mtu mwenye mashine ya dukani. Hii tuiweke kando."

"Yatapoa njiani," Mama akasema. "Mpe mtoto nafasi."

Waya alitoka mbio kwenda kwa jirani yao, Mama Mita, anayeandika programu za mita za maji. Mama Mita akaja na kikombe chake cha chai, akaketi mbele ya kompyuta, akasoma.

"Hii fanksheni yako ya kuweka joto unaipa nini?"

"Naipa trei, shangazi."

"Unaipa nakala ya trei. Katika lugha hii, ukiipa fanksheni muundo, muundo wote unanakiliwa. Sasa sikia. Nikikuambia utie chumvi kwenye mchuzi, ukachota bakuli moja ukatia humo, sufuria itakolea?"

"Haitakolea."

"Na ukionja bakuli?"

Waya akashika kichwa. "Nitasema chumvi ipo. Fanksheni inabadilisha nakala, halafu inaipeleka nakala hiyohiyo kwenye skrini."

"Ikimaliza, nakala inatupwa. Hita inasoma trei yenyewe, ambayo hujaigusa na bado inasema 35."

"Nifanyeje?"

"Ipe anwani ya trei, ijue sufuria iko wapi. Kinachobeba anwani kinaitwa kielekezi."

Akamsogezea kibodi. Waya akaandika mwenyewe. Fanksheni sasa ilipokea kielekezi, t. Palipokuwa na t.joto, akaandika t->joto.

"Hapo umepata," Mama Mita akasema. "Nukta ni ya muundo ulionao mkononi. Mshale ni wa kuufuata muundo kwa anwani yake."

Pale fanksheni inapoitwa, Waya akaandika wekaJoto(&trei). Alama ile ya mbele ndiyo inayochukua anwani ya trei.

"Na anwani ikiwa tupu?" akauliza.

"Swali zuri. Ukiifuata, programu inaanguka na hita inakwama nayo. Kagua kwanza."

Waya akaongeza mstari wa ukaguzi, akaipakia programu kwenye mashine. Mama akabonyeza kitufe tena. Hita ikalia tik. Hakuna aliyeitazama skrini, wote walikodolea macho kipimajoto. Thelathini na sita. Thelathini na saba. Kilipofika 37.5 kikatulia.

Mama akazima taa, akamulika yai moja kwa tochi. Ndani kulikuwa na mishipa myekundu, na doa dogo likacheza.

"Yuko hai," akasema, na machozi yakamtoka bila aibu.

Siku zilipotimia, mayai machache hayakutotolewa. Mengine yote yalipasuka, na chumba kikajaa kelele hata watu wakawa wanaongea kwa kupaza sauti. Siku hizi fanksheni yoyote ya kubadilisha trei, Waya huipa anwani.

Baba ndiye aliyebeba boksi la kwanza hadi mlangoni. Mteja akainama, akawatazama vifaranga wakisukumana.

"Wengi hivi! Mayai yao aliyalalia kuku gani?"

"Binti yangu," Baba akasema.