Doa Jeusi Upande wa Magharibi

Gurudumu la mbele lilizama kwenye shimo la muhanga. Landrova ikanyanyua matako kama ng'ombe anayeamka, ikasita, kisha ikalala ubavu.

Vumbi lilipotulia, Jailos dereva alikuwa amebanwa na mlango, mguu wa kulia umevunjika chini ya goti. Pipa la maji lilikuwa limepasuka, na mchanga wa Usangu uliyanywa yote kabla yeye hajaacha kupiga kelele.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema walipokwisha kumvuta nje, meno ameyakaza. Alikuwa mtu wa Tukuyu, mwenye utani hata msibani. "Nizoeni mimi."

Ilikuwa Oktoba 1976, saa mbili asubuhi, na jua tayari lilikuwa linachoma. Igawa, kijiji cha karibu, ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu. Gari lingine la kikosi chao cha upimaji lingewatafuta baada ya siku tatu. Rejeta ilikuwa imetoboka na kumwaga kila kitu. Kilichobaki ni nusu chupa ya maji, watu watatu, na mfupa uliochungulia nje ya ngozi. Bila maji, Jailos asingeliona jua la kesho likichwa.

Benedicta alimfunga mguu kwa vipande vya ubao wa kuchorea. Alikuwa mchoraji wa ramani, miaka ishirini na mitatu, na hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza nje ya ofisi ya Iringa. Mkubwa wake, Filemoni, mpimaji wa miaka mingi, alitandaza picha zilizopigwa na ndege mwezi Septemba. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha kwa miguu yale ambayo ndege iliyaona kwa juu: wapi maji hubaki wakati wa kiangazi, ili ijulikane mifugo na mashamba viwekwe wapi bila kulikausha bonde la Usangu.

Picha zilionyesha madoa meusi mawili, moja mashariki, jingine magharibi. Maji yaliyotulia hutoka meusi. Nyasi zilizoungua pia hutoka nyeusi. Hapo ndipo inapohitajika ile miwani yenye miguu ya chuma: unaweka picha mbili za sehemu moja, ubavu kwa ubavu, ukichungulia nchi inanyanyuka, unaona kilima ni kilima na bonde ni bonde.

Upepo ulizipeperusha picha. Filemoni akazikamata, akazipanga tena juu ya boksi, akachungulia.

"Mashariki," alisema. "Doa liko ndani ya bonde. Hili la magharibi liko juu ya mgongo, ni majivu tu."

"Naomba na mimi nitazame, Ndugu Filemoni."

"Nimesoma picha tangu wewe hujazaliwa, Bene. Twende."

Wakaondoka na debe tupu, picha na miwani, wakamwachia Jailos chupa.

Vichaka vya miiba havikuruhusu jicho kufika mbali. Walitembea saa nzima, midomo ikianza kupasuka, Benedicta nyuma, akihesabu hatua ili apate umbali. Kilichomshtua hakikuwa hesabu, bali magoti yake.

"Tunapanda," alisema.

"Unachoka."

"Tunapanda! Bonde gani hilo la kupandia?"

Filemoni akaongeza mwendo, na dakika kumi baadaye walisimama juu ya mgongo mpana wa kilima. Pande zote kulikuwa na visiki vilivyoungua. Majivu yalipanda hadi vifundoni.

Benedicta alimnyang'anya miwani, heshima pembeni. Akaziweka picha chini kama alivyoziweka Filemoni, akachungulia. Kisha akazibadilisha, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Nchi yote ikageuka. Vilima vilizama, mabonde yakainuka mahali pake.

"Ulizigeuza," alisema, na hasira ilimtoka waziwazi. "Ukizigeuza, bonde linaonekana kilima! Hili tulifundishwa siku ya kwanza. Maji yako magharibi."

Filemoni aliketi kwenye majivu. Mwanamume huyu aliyezoea kuwasahihisha wengine kwa wino mwekundu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Njia ya magharibi ilipita palepale kwenye gari. Jailos alikuwa kivulini, macho yameingia ndani, mguu umevimba. Maji hakuwa ameyagusa.

"Mmepata?"

"Bado," alisema Filemoni. "Tunajaribu upande huu."

Jailos aliinyoosha ile chupa. "Kunyweni basi. Nyie ndio mnaotembea."

Filemoni alishindwa kuipokea, wala kosa lake hakulitaja. Benedicta akamnywesha Jailos, mafunda mawili, wakaenda.

Saa nane walilifikia doa la magharibi. Lilikuwa bonde kweli, lakini tope lilikuwa limekauka na kupasuka vipande. Mwezi mmoja tangu picha zipigwe ulitosha kulikausha. Filemoni alipiga magoti akalipiga tope kwa ngumi.

Benedicta alikuwa anatazama chini. Mavi ya ng'ombe, mabichi. Akayafuata mpaka kwenye uzio wa miiba, na ndani yake kisima kirefu kama mtu mzima. Mfugaji mmoja, Shigela, Msukuma aliyehama kutoka Shinyanga, alikuwa chini anachota kwa kibuyu.

"Mama," alisema akiwatazama, "nyie mmetoka wapi hamna hata maji?"

Jioni fahali wawili wa Shigela waliburuta sledi, kitanda cha magogo kisicho na magurudumu, hadi kwenye gari, debe la maji juu yake. Filemoni alimwinua Jailos kichwa, akamnywesha polepole.

"Nilizigeuza picha," alisema. "Asubuhi. Mimi. Na nilipopita hapa nikakuficha."

Jailos alimeza kwanza. "Nilijua. Mlienda kule, mkarudi huku kimya. Dereva akipotea njia naye hugeuza tu, hasemi kitu." Akafumba macho. "Kosa moja haliachi mke. La pili sijui. Ndaga, asante, mkubwa. Nipe tena."

Mguu ulipona, ila ulibaki mfupi. Ramani ilitoka mwaka uliofuata, na kisima cha Shigela kimo, kidoti cha buluu kilichochorwa na Benedicta. Na tangu hapo, kila picha mbili zilipotandazwa pale ofisini Iringa, Filemoni hakuinama kuchungulia kabla ya kumwita dereva wake. Jailos alikuja akichechemea, akaweka kidole juu ya picha ya kwanza, kisha ya pili.

"Kushoto," alisema. "Kulia. Haya, tazama."