Pole ya Badru

"Huyo Badru wako hakushika jeneza, hakutupa udongo kaburini. Halafu unataka tupokee posa yake?"

Pazi alimfokea mdogo wake mbele ya waombolezaji, baba yao hata hajamaliza siku kaburini. Mwanamkuu akainamisha kichwa. Wanachuo wenzake walipanda Kosta kutoka Kibaha mpaka Marui kuja kuzika. Mchumba wake hakuonekana.

Chuo kizima kilijua Badru ana usonji. Kelele zilimuumiza, watu hakuwatazama machoni, na darasani alimudu kukaa kwa sababu Mwanamkuu alikaa kiti cha pembeni yake. Lakini msiba ni msiba bwana! Hasira zikampanda, akaandika meseji:

"Umenidhalilisha. Tusijuane tena. Usinipigie, na chuoni usikae karibu yangu."

Jibu likaja: "Sawa."

Sawa tu! Mwanamkuu akalia upya.

Siku ya kuanua tanga, shangazi yake Hamisa akamwuliza:

"Yule mwanachuo mwenzio mbona leo hajaja?"

"Yupi, shangazi?"

"Si yule aliyejibanza nyuma ya jiko siku ya maziko, kaziba masikio. Vilio vikizidi, anatetemeka mwili mzima. Nikamwambia aende zake, akasema, 'Siondoki, Mwanamkuu amefiwa.' Nikampa wali, hakuugusa."

"Shangazi! Mbona hukuniambia?"

"Ningejuaje kama ndiye mchumba wako? Na mimi nilikuwa namlilia kaka yangu."

Mwanamkuu akapiga simu.

"Badru, nisamehe. Uko darasani?"

"Niko nyumbani Mkuza. Nimeacha chuo."

"Umeacha? Kwa nini?"

"Ulisema nisikae karibu yako. Viti vingine vyote vina kelele."

"Nilisema kwa hasira, mpenzi wangu. Kesho nakuja kukuchukua."

"Usije. Siku ile nilirudi nyumbani mama akaniogesha kama mtoto. Niliweza kuja msibani kwa sababu nilikuwa mchumba wako. Siwezi kuanza tena, Mwanamkuu. Nimechoka."

Alisema taratibu, bila hasira hata kidogo. Hapo ndipo Mwanamkuu alipojua kwamba amempoteza.

"Kuna kitu kimebaki," Badru akaendelea. "Nilikifanyia mazoezi njia nzima, nikashindwa kuingia ndani kukisema."

"Kiseme."

"Pole kwa kufiwa na baba. Mungu amrehemu."

Wote waliompa pole, Mwanamkuu aliwajibu, "Nimeshapoa." Safari hii alifungua kinywa, jibu likagoma kutoka. Badru alisubiri kidogo, kisha akakata simu.