Kichwa cha Mtihani

Siku ya kuandikisha wanafunzi wapya, geti la chuo cha ufundi lilifurika vijana ambao shule iliwaponyoka njiani, huyu kwa karo, yule kwa mimba, mwingine kwa kufiwa. Katikati ya foleni alisimama binti mwenye gauni la maua lililofuliwa mpaka maua yakakaribia kwisha, na chanuo la mbao limechomekwa kichwani. Aliacha masomo amuuguze mama yake, akamuuguza mpaka akamzika, na sasa alikuwa akiishi kwa mama mdogo. Kutulia hakujui. Hata kwenye foleni alikuwa anahamisha uzito mguu huu na ule kama anayekanyaga makaa.

Foleni ikasukumana. Akamwangukia kijana wa mbele, na chanuo likachomoka kwake likazama kwenye msitu wa nywele za yule kijana, likagoma kutoka.

"Dada, hili ni lako au nimezaliwa nalo?" kijana akauliza bila kugeuka, maana kugeuka hakuweza.

"Tulia, kaka. Ukitingishika litavunjika."

"Shingo yangu?"

"Chanuo. Shingo si yangu."

Mpaka linatoka, walishafika mezani. Binti aliandika ususi, kijana akaandika uchomeleaji wa vyuma. Wenzao walioshuhudia kisa kile wakampa binti jina la Chanuo, na kijana, kwa kazi aliyochagua, akawa Cheche. Majina yakaganda.

Kuanzia hapo kichwa cha Cheche kikawa darasa. Kila mapumziko alikaa chini kwenye kivuli cha karakana, Chanuo nyuma yake juu ya debe, akimsuka na kumfumua, akimsuka na kumfumua. Wenzake walimcheka kwamba amegeuka sanamu la dukani. Cheche wala hakujali. Alimwambia Chanuo, "Kichwa ni chako, mpenzi. Mimi nimekibeba tu."

Aliyejali ni mama yake Cheche, mjane muuza mitumba, mwanamke wa maneno machache na yote makali. Mwanamume gani anasukwa? Alimtumia Chanuo salamu kwamba siku akimwona mwanawe amesukwa tena, atamnyoa mwenyewe akiwa usingizini. Chanuo alicheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni.

Mtihani wa vitendo ukakaribia. Kila msusi alitakiwa kuleta kichwa chake, cha mtu hai mwenye nywele zake, amsuke mbele ya msimamizi. Huna kichwa, huna mtihani, huna cheti. Na mwenye saluni aliyemwahidi Chanuo kazi alishasema wazi: bila cheti, nafasi anapewa mwingine. Kwa hiyo wiki ile Chanuo alifanya mazoezi ya mwisho, akamsuka Cheche mistari ya kupendeza, akaiunga kwa nywele bandia mpaka mabegani. "Usiniharibie," alimwambia. "Hata kofia usivae."

Kisha Cheche akapotea.

Simu iliita, haikupokelewa. Ikaita tena, ikazimwa. Chanuo alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akabandika chai akasahau majani, mpaka mama mdogo akamwambia akae au atoke, achague moja. Akatoka. Karakanani akaambiwa Cheche yuko ruhusa, na walioambiwa waseme hivyo wakakwepa macho yake.

Jioni ya kuamkia mtihani ndipo alipomwona ng'ambo ya barabara, na kofia ya sufu kwenye joto lile. Cheche akamwona pia, akageuka haraka kuingia uchochoroni, na kofia ikaserereka. Kichwa kilikuwa kipara kitupu.

Kumbe. Kumbe mama mtu ameshinda. Hasira ikampanda Chanuo, na chini ya hasira uchungu, maana kunyolewa si kitu. Kitu ni kukimbiwa na mtu uliyemwita wako. Akaenda moja kwa moja mpaka nyumbani kwao Cheche, vyumba viwili vilivyojaa marobota ya nguo. Mama akafungua. Chanuo alimsalimia kwa heshima, maana hata hasira ina adabu zake, kisha akauliza.

"Mama, umemnyoa kwa sababu yangu?"

"Ningemnyoa mimi ningefurahi," mama akajibu. "Aliyemnyoa ni mashine."

Cheche akatoka nyuma ya pazia, kofia mkononi. Juu ya sikio, upande ambao Chanuo hakuuona barabarani, palikuwa na bandeji. Akaeleza akitazama sakafu: kofia ya kazini hakuivaa, asiharibu mistari. Akainamia mashine ya kutoboa vyuma, msuko mmoja ukadakwa, ukaanza kumvuta. Mwenzake akawahi swichi. Mwalimu akamkata misuko kwa mkasi kumnasua, lakini ngozi ilishachanika, na zahanati wakanyoa nywele zilizobaki ili wamshone.

Chanuo akakaa juu ya robota. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Kwamba kichwa chako cha mtihani sinacho tena? Na kwamba kofia ni wewe uliyenikataza?"

"Ungeniambia hivyo hivyo. Mimi nahangaikia mistari, kumbe nusura nikukose wewe." Akalia waziwazi. "Nakupenda na nywele zako, nakupenda na upara wako. Lakini ukinikimbia tena uchochoroni, sitakufuata."

"Sikimbii tena, mpenzi."

Chanuo akaomba maji ya uvuguvugu, akabadilisha ile bandeji taratibu. Mama mtu alikuwa pembeni akikunja nguo.

"Na mtihani?" akauliza.

"Kuna mwakani, mama. Mungu akipenda."

Mama akakunja shati lile lile mara ya pili.

Asubuhi, ukumbi wa ususi ulinukia mafuta ya nywele, na kila kiti kilikuwa na kichwa isipokuwa cha Chanuo. Mama mdogo nywele zake zilishakatika kwa dawa, na majirani walikuwa makazini. Alikuja tu amwambie msimamizi kwamba ameshindwa, maana kupotea kimya ni tabia aliyokwisha kuichukia.

Mlango ukafunguliwa. Mama yake Cheche akaingia na gauni lake la kutokea, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kile kiti, akafungua kitambaa. Nywele zilikuwa nzito, zimeanza mvi, na ukumbi mzima ukajua Cheche alirithi wapi.

"Usinivute," akasema. "Nina kichwa laini."

Chanuo akachomoa chanuo lake kichwani, akaanza kugawa nywele. Mstari wa kwanza, wa pili. Msimamizi akafika, akainama kutazama, akauliza kama huyu ni mama yake mzazi. Chanuo akafungua kinywa.

"Mama mkwe," mama akajibu yeye, kichwa ameinamisha. "Mwanangu mwenyewe hajamwambia bado. Yuko dirishani pale, anatafuta pa kuanzia."

Wote wakageuka. Dirishani upara wenye bandeji ulitaka kujificha, kisha ukakumbuka ahadi, ukabaki pale pale.

"Nilikuwa nakuja kusema," Cheche akasema kwa sauti ndogo.

Vidole vya Chanuo vikasimama, na mstari ukapinda.

"Suka, mwanangu," mama akasema. "Jibu utampa ukimaliza."

Chanuo akaufumua ule mstari uliopinda, akauanza upya.